Mkono Usio na Kazi

Siku ya kwanza nilipokalishwa kwenye kitanda kipana cha mazoezi, binti aliyepangiwa kunifanyisha mazoezi ya viungo aliniuliza swali ambalo sikulitarajia hospitalini. Hakuuliza wapi panauma. Aliuliza, kwa Kichina ambacho simu yake ilikigeuza kuwa Kiingereza cha kuchechemea, kwamba mkono wangu wa kushoto nautaka unifanyie nini.

Nikamjibu upesi, kama ninavyomjibu muuzaji anayetaka kunipa rangi ambayo sikuagiza. Nikamwambia kwetu mkono wa kushoto hauna kazi. Hatuli nao, hatusalimiani nao, hatumpi mtu kitu nao wala hatupokei nao. Ashughulikie mguu, maana mimi ni mtu wa kuzunguka masokoni, mguu ndio duka langu. Simu ikatafsiri. Akanitazama mimi, akautazama mkono uliolala mapajani mwangu vidole vimejikunja, akaitikia kwa kichwa. Nilijiona nimejibu vizuri sana. Katika majibu yote ya kijinga niliyowahi kutoa Guangzhou, na nimetoa mengi, lile ndilo lililonigharimu kuliko yote.

Mimi ni mwanamke wa Dar es Salaam, mfanyabiashara wa nguo za watoto. Kiharusi kilinikuta Shahe, kwenye soko la nguo za jumla, asubuhi, nikiwa nimeshika gauni dogo nalivuta mshono nione kama utaachia. Gauni likaniponyoka. Nikaliokota, nikalishika tena, likaponyoka tena. Badala ya kujishuku mimi, nikamgombeza mwenye duka kwamba kitambaa chake kinateleza. Nilikuwa bado namgombeza mdomo ulipoanza kwenda upande, na mwenzangu akanidaka kabla sijafika sakafuni.

Huyo mwenzangu ni mama wa Mombasa. Tulijuana miaka mingi iliyopita kwenye foleni ya wakala wa mizigo, na tangu hapo kila safari tunapanga pamoja chumba na choo chake kule Xiaobei, juu ya mtaa wa maduka ya simu na mikahawa ya Waafrika. Yeye hununua mapazia na mashuka. Ana ulimi mkali kuliko wangu, na hilo si jambo dogo. Alinisindikiza hospitali, akalala kwenye kiti pembeni yangu, na madaktari walipomaliza kazi yao ya kuzibua mshipa wa kichwani, ndiye aliyenisukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi ukumbi wa mazoezi ya viungo.

Ule ukumbi ulinishangaza. Nilitegemea vitanda na harufu ya dawa, nikakuta kitu kama karakana. Ngazi fupi zisizokwenda popote. Reli mbili za kushikilia. Meza zenye vikombe, kufuli, vifungo vya shati, bomba la maji lisilo na maji. Wazee wa Kichina walikuwa wamekaa mstari mmoja wakihamisha vijiti kutoka tundu hili kwenda lile, kimya, kwa bidii ya watu wanaolipwa. Wagonjwa wote walimwita yule binti mwalimu, nami nikamwita mwalimu. Yeye aliniita ayi, jina la heshima kwa mwanamke wa umri wangu, kama sisi tunavyosema mama mdogo.

Jambo la kwanza alilonifundisha lilinikosesha usingizi kwa furaha ya kutaka kujua zaidi. Alisema mkono wangu si mgonjwa. Nyama yake nzima, mifupa mizima, mishipa mizima. Kilichoharibika ni mahali kichwani panapotoa amri. Mahali hapo hapafufuki, lakini majirani zake ndani ya ubongo wanaweza kujifunza ile kazi, kwa sharti kwamba waombwe, waombwe tena na tena, mpaka wachoke kukataa. Ubongo haujifunzi kazi ambayo haujaombwa, alisema. Nikamwambia huo ubongo una tabia za mafundi wa kwetu. Simu ilitafsiri vibaya, hakucheka.

Basi tukauomba mguu. Alichukua mguu wangu mzima akaupandisha juu ya kibao, ili uzito wote uangukie ule mbovu. Nikapiga ukelele. Kichina changu ni cha sokoni tu. Najua kutaja rangi, saizi na bei, najua kusema ghali sana, na najua kukataa. Hivyo ndivyo nilivyofanya mazoezi: yeye anataja idadi ya hatua, mimi nasema "tai gui," yaani ghali sana, halafu nakata nusu. Siku za mwanzo alishangaa. Baadaye akaanza kupandisha bei makusudi ili tukutane pale pale alipotaka. Nikaligundua hilo, nikanyamaza, maana nami ningefanya vivyo hivyo. Mguu ukaitika. Nikatoka kwenye kiti cha magurudumu nikaingia kwenye fimbo, tukarudi chumbani kwetu, nikawa naenda hospitali kwa teksi asubuhi na kurudi mchana.

Mkono ulibaki nyuma. Si kwamba aliutelekeza. Alikuwa na kioo, amekisimamisha katikati ya meza. Mkono mbovu unafichwa nyuma yake, mzima unakaa mbele. Unafungua vidole vya kulia huku ukitazama kioo, na macho yanakuambia vya kushoto ndivyo vinavyofunguka. Mara ya kwanza nilikigeuza kile kioo kuangalia nyuma yake kuna nini. Hakuna kitu. Lakini nilipotazama tena nilihisi joto dogo likitambaa kwenye kidole gumba ambacho kilikuwa kimya tangu Shahe, na nywele zikanisimama. Nilimuuliza mwalimu maswali mpaka betri ya simu yake ikaisha. Hata hivyo, kioo kikiondolewa, niliurudisha mkono mapajani kama mkoba, nikauacha hapo. Ndiyo kazi niliyoutengea.

Waswahili wenzetu wa Dengfeng, mtaa wa pale pale Xiaobei, walizidi kuniharibia kwa mapenzi yao. Walikuja na uji, na mafuta ya habasoda, na dua. Mmoja, mfanyabiashara wa Unguja, mwema kupita kiasi, alitaka kuninyanyua kwa kuuvuta huo mkono. Bega likalia ndani. Kesho yake mwalimu aliponiona nimekunja uso alikasirika kweli kweli, akamwonyesha mwenzangu jinsi ya kunishika mgongoni na kiunoni. Mkono uliolegea hauvutwi, alisema, bega lake limeshikiliwa na hewa.

Sasa niseme lile ambalo sikumwambia mwalimu.

Mkono wa kushoto una kazi. Mwislamu anaijua, na mtu yeyote aliyelelewa kwa maji na kopo anaijua. Wa kulia unamwaga, wa kushoto unaosha. Ni kazi moja tu, haitajwi mezani, na ndiyo sababu hasa tunaunyima huo mkono kazi nyingine zote. Nilipomwambia yule binti kwamba hauna kazi, nilikuwa nimesema ukweli wote unaosemeka mbele za watu.

Mwenzangu ndiye aliyekuwa ananiosha. Alininunulia kiti chenye tundu akakiweka chooni, akafunga mpira wa maji ukutani, na kila nilipomaliza alikuja, akaosha, akanifuta, akanivuta gauni, huku akizungumza habari za mapazia ili nisisikie aibu. Nilisikia aibu. Nilikuwa nakunywa maji kidogo ili nisiende mara kwa mara. Nikamwambia nitajaribu kwa mkono wa kulia, akasema haya. Najua dini ni nyepesi, mwenye udhuru ana ruhusa, na shehe mmoja tuliyempigia alinithibitishia hivyo kwa upole mkubwa. Nikajaribu. Nikanawa kwa sabuni mpaka ngozi ikawasha. Mchana tukaletewa ugali na samaki, nikanyoosha mkono wa kulia kwenye sahani, nikaurudisha mtupu. Ruhusa ilikuwa imefika kichwani, tumboni haikufika. Tukarudi kwenye utaratibu wa zamani.

Kisha mwenzangu akaniambia kontena lake limejaa na tiketi yake ya kurudi Mombasa ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Alisema huku amenipa mgongo, anakunja nguo. Nikasema, hewala, umekaa mno kwa ajili yangu. Moyoni nilikuwa nimeshikwa na hofu ya mtoto mdogo.

Mwanangu alishapiga simu mara kadhaa kutoka Dar akinisihi nirudi. Mama, njoo, mke wangu atakuhudumia. Ana mke mwema, hata mwaka wa ndoa hawajamaliza. Ananisalimia kwa kupiga goti na hathubutu kukaa kiti kimoja nami. Huyo ndiye aje anioshe? Nilimwambia mwanangu nitakuja nikipona, akauliza mbona naambiwa unatembea, umebakiwa na nini? Nikamwambia umenibakia mkono. Akasema, mama, si wa kushoto tu? Nikakata simu. Yule mtoto nimemlea mimi, na jibu lile nilimfundisha mimi.

Siku iliyofuata mwalimu alinipa vijiti vya kuhamisha. Nikavisukuma. Akaleta vikombe, nikamwambia vikombe vya nini, mie sinywi kwa kushoto. Nilikuwa na hasira na dunia nzima na yeye ndiye aliyekuwa karibu. Hakununa. Akavuta kigoda akakaa chini yangu, akauliza tena lile swali la siku ya kwanza, safari hii neno kwa neno: kwenu, tangu unaamka mpaka unalala, mkono huu unafanya nini?

"Hakuna," nikasema.

Mwenzangu alikuwa ameegemea ukuta na mikoba yetu. Akanitolea uvivu.

"Mwambie, ama n'tamwambia mimi."

"Nyamaza wewe."

"Sinyamazi. Ijumaa ile naondoka. Wataka nikufungie kwenye kontena nende nawe?"

Nikamwambia akithubutu sitamsemesha milele. Akathubutu. Alichukua chupa tupu ya maji, akachuchumaa katikati ya ukumbi akiwa na baibui lake, akamimina hewa kwa mkono wa kulia na kufanya kwa mkono wa kushoto kile kinachofanywa. Alikifanya kikamilifu, bila haraka, pamoja na kujikung'uta. Kisha akanionyesha mimi kwa kidole, akaonyesha mkono wangu, akatikisa kichwa. Mzee mmoja wa Kichina aliyekuwa anaendesha baiskeli ya mazoezi aliacha kukanyaga. Nilitamani sakafu ipasuke.

Mwalimu hakucheka. Uso wake ukawa kama wa fundi cherehani aliyepewa mshono mgeni. Akamwomba mwenzangu arudie. Akamtazama begani, akamtazama kiwikoni, akamtazama kiunoni. Akamwomba arudie tena, polepole zaidi, na safari hii yeye mwenyewe akachuchumaa pembeni yake akamwiga. Walikuwa wawili pale sakafuni, baibui na koti jeupe, na mimi aibu ikaanza kunitoka, ikabaki shauku. Sikuwahi kufikiri kwamba jambo lile lina sehemu.

Kumbe lina sehemu nyingi. Mwalimu alizitaja akizigusa mwilini mwangu. Lazima kiwiliwili kiegemee upande wa kulia bila kuanguka, ili upande wa kushoto uachie kiti. Lazima bega lizunguke kwa ndani na mkono urudi nyuma, njia ambayo kwa watu wenye kiharusi ni nzito kuliko ya mbele. Lazima kiwiko kijue kukunjuka na kukunjika. Lazima kiganja kigeuke. Na vidole, akasema, si lazima vifunguke vyote. Vinahitaji kufunguka kiasi tu, na kubaki laini. Aliniuliza kwa nini sikusema. Nikamwambia kwetu hakusemwi. Akasema hata kwao hakusemwi, lakini yeye ameuliza kama mwalimu.

Tangu siku hiyo vijiti na vikombe nikavisahau. Alinikalisha kwenye kiti kama changu cha nyumbani, akachomeka kitambaa nyuma kwenye mkanda wa suruali yangu ya mazoezi, nikatakiwa kukichomoa kwa mkono wa kushoto. Wiki nzima kitambaa kilinishinda. Alipaka povu la sabuni mgongoni mwa kiti, nikalifuta. Aliweka mipira upande wa kulia niielekee, mpaka matako yakajifunza kuhama bila mimi kushika reli. Kioo kilirudi mezani, lakini sasa mkono wa kulia mbele ya kioo ulifanya mwendo ule ule wa kuosha, na macho yangu yakaamini. Vidole vilipoanza kuachia kidogo, akanivisha glavu nene mkono wa kulia, niivae saa kadhaa za mchana ili usiingilie kazi ya wa kushoto. Alisema glavu hii hapewi kila mtu, anapewa ambaye mkono wake mbovu umekwisha kuanza kuitika.

Glavu ilinipa vituko vyangu. Kwenye duka la vyakula pale chini anauza kijana wa Tanga. Nilimpa noti kwa mkono wa kushoto, akarudi nyuma hatua moja.

"Mama, unanipa kwa kushoto?"

"Pokea, mwanangu. Huu wa kulia uko adabuni."

Akapokea kwa mikono miwili, maskini, ili kufidia. Nilicheka mpaka nikashika kaunta, na nilipoangalia vizuri niliishika kwa mkono ule ule.

Chumbani haikuwa kicheko. Jaribio la kwanza bila kusaidiwa lilikuwa balaa ambalo sitalieleza. Mwenzangu alikuja akanisafisha mimi, akasafisha kiti na ukuta, hakusema habari za mapazia wala za kitu chochote. La pili mkono ulikwama kiunoni ukakaza kama mtu aliyekataa kushuka garini. Nikaulazimisha, ukakaza zaidi. Mwalimu aliponisikia akasema usigombane nao, mkono wa aina hii ukiharakishwa unajifunga. Toa pumzi kwanza. Mimi, niliyezoea kupata vitu kwa kugomba, nikaanza kujifunza kuomba. Nilikuwa nausemesha chooni kwa sauti ndogo, mwendo, taratibu, umefika, hapo hapo. Siku zilikuwa zinakwisha na nilijua wazi kwamba nisipoweza kabla ya Ijumaa, nitapanda ndege nikapigiwe goti na mtu atakayeniosha.

Ijumaa asubuhi begi la mwenzangu lilikuwa mlangoni. Nikachukua fimbo, nikaingia chooni, nikafunga komeo. Nikamsikia anakuja kwa malapa yake.

"Mbona wafunga? Ukianguka humo n'takutoa vipi?"

"Nitakuita."

"Haya. Niko hapa."

Nikamaliza haja yangu. Nikaegemea kulia, kiti kikalia kidogo, sikuanguka. Nikatoa pumzi. Mkono ukaondoka pajani, ukapita kiunoni, ukasita, nikauacha usite. Ukaendelea. Nikafungua maji kwa mkono wa kulia. Mengine yalikwenda kwenye gauni, mengine miguuni, na mengine yalikwenda yanakotakiwa. Vidole havikufunguka vyote. Vilifunguka kiasi. Nikaosha, nikarudia, nikarudia mpaka niliporidhika mimi mwenyewe, bila mtu mwingine kuniambia tayari.

"Tayari," nikasema.

"Tayari vipi?"

"Nimejitwaharisha. Mwenyewe."

Nilitegemea kigelegele. Badala yake malapa yakasogea mbali na mlango. Nikamsikia anapiga simu, sauti ameishusha, na kwa jinsi alivyoanza nikajua anaongea na mumewe.

"Ee, ameweza," alisema. "Sasa waweza kun'katia hiyo tiketi. Siku yoyote utakayopata. La, hajui kitu, nilimwambia ni leo."

Nilikaa pale kwenye kiti, gauni limelowa, mkono wa kushoto unachuruzika maji. Nikalia polepole, nisije nikamfanya adhani nimeanguka akauvunja mlango.